Sabuni Kwenye Kifuniko cha Tangi

"Shemeji, pikipiki haitaki mtu wa maneno. Inataka mtu anyamaze, aisikilize."

Hayo aliyasema mjomba wako Kioko Jumapili iliyopita, hapa uani kwetu, mikono yake ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Mama yako akacheka, maana ni kaka yake na kila asemalo kaka yake ni tamu. Wewe ukacheka pia. Mimi nikatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani wakati wa maombi.

Nduku, mwanangu, kesho asubuhi unakwenda Kasikeu kujifunza ufundi wa pikipiki kwa mtu huyo. Habari za blanketi, chakula na marafiki mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na nguo amekukunjia. Mimi nina kazi nyingine. Nataka kwanza niivunje hoja ya mjomba wako, kisha nikuambie jambo ambalo nimelificha kwa miezi minne.

Hoja yake ni mbovu. Kama kunyamaza na kusikiliza kungetosha, mbuzi wa stendi ya bodaboda pale Mutomo wangekuwa mafundi wakubwa kuliko wote katika Ukambani. Wanashinda pale kutwa, hawasemi neno, na masikio wanayo marefu. Fundi mzuri ni mbishi. Pikipiki kuukuu inapopoteza nguvu njiani, yeye huihoji. Una njaa ya mafuta? Basi nikivuta choki ikuongezee mafuta, utapata nafuu kidogo. Umepata? Haya. Ama klachi inateleza? Basi injini itapiga kelele na wewe husogei. Ama breki imekushika? Basi kitovu cha gurudumu kitakuwa cha moto, hebu nikiguse. Huko ni kubishana, mwanangu. Ni kuweka dai mezani na kulipiga hadi livunjike au lisimame. Kioko naye anabishana, ila midomo yake haitikisiki, na watu wanamwona mpole.

Nimeandika hayo kwa furaha. Sasa nakuja kwenye lililo gumu.

Nina wivu. Nimetumia maisha yangu yote kuwaambia watu waite vitu kwa majina yao, darasani, kanisani, kwenye magazeti na mbele ya chifu, kwa hiyo siwezi kuliita hili jina lingine. Siuonei wivu ufundi wa Kioko. Namwonea wivu kwa ajili yako. Ulipewa jina la mama yangu, wala si la mama yake, na ndiyo maana tangu siku ya kwanza nakuita mwaitu, yaani mama. Kila likizo ulipokuwa shuleni ulikwenda kwake, ukarudi ukinuka petroli na kusema maneno yake. "Hii kitu inakohoa." "Hii ni njaa, si ugonjwa." Mimi nilikuwa nimekununulia vitabu. Nilisoma kitabu kizima cha injini, nikaja kukusomea sura ya kabureta nawe umechuchumaa ukisugua plagi. Unakumbuka ulisema nini? Ulisema, "Baba, sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Jumapili niliwatazama mkifanya kazi. Yeye alinyoosha mkono nyuma bila kutazama wala kusema namba ya spana, nawe ukamwekea ileile aliyoitaka. Miaka ishirini nimekulea na hujawahi kunipa kitu kabla sijakiomba. Nilisimama pale na kikombe chake cha chai mkononi kama mhudumu wa harusi ya watu.

Sasa rudi nyuma nami hadi siku ile ya mahojiano.

Chuo kule Kitui mjini kilikuwa kimekuita kwa nafasi ya kusomea kazi ya maabara. Barua ilisema ufike kabla ya saa nne, na atakayechelewa asijisumbue. Wewe hukuwa na haja kubwa na maabara, najua. Ni mimi niliyeijaza ile fomu, nikaisukuma mbele yako kama mtu anayemsukumia mgeni sahani ya tatu. Lakini ulikubali kwenda. Mama yako alikupigia pasi blauzi nyeupe.

Nilitaka siku hiyo isiwe na dosari. Jana yake nilijaza tangi la pikipiki hadi mdomoni, kwa heshima yako. Na kwa kuwa njia yetu ya kwenda lami ni mawe matupu, na mpira wa kile kifuniko cha tangi umechakaa, nilijua petroli itaruka na kukuharibia blauzi. Hungeweza kuingia mbele ya wakubwa ukinuka kama gereji. Kwa hiyo asubuhi, wewe ukiwa ndani unavaa, nilichukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikakilowesha, nikakikanda kama unga. Kila mtu hapa kwetu anajua petroli haiyeyushi sabuni. Lori likitoboka tangi, sabuni ndiyo daktari wa kwanza. Nikapaka kuzunguka kifuniko chote. Kisha nikaona juu yake kuna kitundu kidogo, na unyevu wa petroli umekizunguka. Nikakiziba nacho kwa sabuni, nikakibonyeza kwa kidole gumba hadi kikawa laini. Nikavuta juu yake lile vazi la ngozi la tangi. Nilijiona mzazi mwenye akili nyingi sana.

Tulikwenda vizuri hadi tukapita Ikanga. Kwenye mwinuko ikaanza kulegea. Nilivuta mafuta, haikuitika. Tukasimama kando ya barabara, na yafuatayo nayaandika kama tulivyosema, kwa sababu nimeyarudia kichwani kila siku.

"Baba, mlio unapanda ama unashuka?"

"Mlio gani?"

"Wa injini. Ukivuta mafuta inapiga kelele bure, ama inakufa?"

"Inakufa. Lakini hilo si swali. Ni kabureta. Anko wako aliifungua mwezi uliopita, akaiharibu."

"Basi si klachi. Na gurudumu nimeshika, ni baridi, si breki. Hii inakosa mafuta, Baba."

"Nimesema kabureta."

"Fungua kifuniko tu, tuone."

"Ili petroli ikumwagikie? Kaa mbali na blauzi yako!"

Baada ya dakika kumi ikawaka, ikaenda kama jana. Nikakwambia, "Umeona? Ilikuwa imepata joto tu." Hoja mbili tofauti katika dakika kumi, kabureta na joto, wala sikuona haya. Mbele kidogo ikafa tena. Uliinama ukavuta choki, injini ikashtuka, ikapata uhai kama mgonjwa aliyesikia jina lake, kisha ikazima. Ukasema kwa upole, "Baba, hata choki imekubali. Ni mafuta hayafiki. Kifuniko, tafadhali." Nami nikakwambia maneno ambayo ningetoa kitu kikubwa kuyarudisha. Nilisema, "Hebu nyamaza kidogo, nifikirie."

Nilifikiria hadi saa nne na nusu.

Unakumbuka mlango ule wa chuo. Yule mama wa ofisini alituambia orodha imefungwa. Nilimhutubia. Nilimweleza haki ya raia, hali ya barabara za kusini mwa Kitui, na historia ya elimu katika nchi hii. Alisikiliza kwa adabu, kisha akarudi kwenye chai yake. Wewe ulinishika mkono, ukasema, "Baba, twende nyumbani." Blauzi ilikuwa safi kabisa. Hata tone moja halikuwa limeigusa.

Tulirudi tukisimama na kusubiri, tukisimama na kusubiri. Hukusema tena habari ya kifuniko. Tulipofika uliingia ndani moja kwa moja. Mimi nikabaki uani na pikipiki, nikalivua lile vazi la ngozi, nikakifungua kifuniko.

Fyuuu.

Tangi lilivuta pumzi. Lilivuta kwa nguvu na kwa muda mrefu, kama mtu aliyechomolewa majini. Na hapo nikakumbuka ulipokuwa na miaka sita, pikipiki ikiwa mpya, nilikuwa nakukalisha mbele juu ya tangi kukupeleka shuleni. Siku moja uliweka sikio juu ya kifuniko ukasema, "Baba, tangi linapumua." Nilicheka, nikawasimulia walimu wenzangu, nao wakacheka. Mtoto wa miaka sita alikuwa amenieleza kila kitu. Petroli inaposhuka, hewa lazima iingie juu yake, na ile hewa inapita kwenye kile kitundu. Ukikiziba, petroli inakataa kushuka. Ukisimama kidogo, hewa inajipenyeza taratibu, pikipiki inapona, mwenye pikipiki anajidanganya. Na tangi likiwa limejaa hadi mdomoni, kama nilivyolijaza kwa heshima yako, ugonjwa unakuja mapema zaidi.

Niliikwangua ile sabuni kwa ukucha. Nikakipangusa kifuniko. Mabaki nikayatupa nyuma ya zizi la mbuzi. Sikukwambia. Ningeweza kuingia ndani hatua ishirini, nikakwambia, "Mwaitu, nilikuwa mimi." Badala yake nilikaa kwenye kigoda, nikatoa simu, nikaandika kwenye kundi la ukoo.

Uliisoma. Wote waliisoma. Ilikuwa ndefu, na ilikuwa na ufasaha, Mungu anisamehe. Nilisema mjomba wako ameharibu kabureta na kwamba uzembe wake umekunyang'anya chuo. Mwisho nikaweka sentensi niliyoipenda sana: "Mtu aliyeshindwa kusoma kitabu cha darasa la tatu atawezaje kuisoma kabureta?" Unajua Kioko aliacha shule akiwa mdogo ili mama yako abaki shuleni. Mimi pia nilijua. Nilijua nilipokuwa naandika.

Alijibu kwa ujumbe wa sauti, kama afanyavyo, kwa kuwa kuandika kunamchosha: "Sawa, shemeji. Poleni na safari. Pole sana, Nduku."

Basi. Hakuna kingine. Nilikaa siku mbili nikisubiri vita ambavyo havikuja. Kwa mtu kama mimi hakuna kipigo kikubwa kuliko hicho.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Kama kosa lilikuwa la Kioko, basi ungekasirika naye, likizo zingeisha, na ungebaki upande wangu. Nilitaka ubaki upande wangu, hata kama upande wenyewe umejengwa kwa uongo. Wivu unafanya kazi kama ile sabuni. Ulianza kama ulinzi. Nilikuwa nakukinga na harufu ya petroli, nikakinyima pumzi kitu kilichokuwa kinatupeleka.

Na kazi yenyewe haikufanikiwa. Hukumkasirikia. Jumamosi iliyofuata ulimpigia simu mkacheka, nami nikakusikia kutoka chumbani.

Sasa Jumapili iliyopita. Kioko alikuja kuifanyia pikipiki yangu sevisi, bila kuombwa, kwa kuwa kesho nitakupeleka nayo hadi Kibwezi ukapande gari. Wewe ulikuwa umeinama kwenye cheni, hukuona. Mimi niliona. Alikifungua kifuniko cha tangi, akakinusa. Akachomoa uzi mmoja kutoka kwenye waya wa klachi wa zamani, akaupitisha kwenye kile kitundu. Kikatoka kipunje cheupe. Akakiweka kiganjani, akakisugua kwa kidole, akakinusa tena. Kisha akaniangalia.

Nilikuwa na hoja tatu tayari. Ya kwanza, kwamba huenda ni chokaa. Ya pili, kwamba huenda aliyekiweka ni mtu wa kuosha pikipiki. Ya tatu nimeisahau, lakini ilikuwa nzuri.

Hakuniuliza. Alipangusa kiganja kwenye suruali, akakirudisha kifuniko, na hapo ndipo akasema hayo niliyoyaandika mwanzoni: pikipiki haitaki mtu wa maneno. Mkacheka. Mlidhani ni utani wa mashemeji. Alikuwa ananiambia kwamba anajua, na kwamba hatasema.

Siku nne sasa ule utani haunitoki kichwani. Na nikwambie ukweli, kuliko spana zile, kuliko kicheko chenu, hicho ndicho ninachomwonea wivu zaidi: kwamba mtu anaweza kushika kiganjani ushahidi unaomsafishia jina mbele ya ukoo mzima, akaupangusa kwenye suruali. Mimi ningeupiga picha.

Lakini usidhani nimekubali kushindwa. Nimefikiri, na bado nasema hoja yake ni mbovu, ila sasa najua ni mbovu wapi. Kuhusu kusikiliza ana haki. Mimi sikuwa mbishi kupita kiasi siku ile, nilikuwa mbishi nusu. Mbishi kamili anangoja jibu. Wewe ulileta ushahidi mara tatu, mlio, gurudumu, choki, nami nikaufukuza ushahidi kwa sababu aliyeuleta alikuwa binti yangu na aliyemfundisha alikuwa Kioko. Kuhusu kunyamaza, hapana. Kama angesema Jumapili ileile, "Shemeji, hii ni sabuni," ningefoka, ningebisha, ningeaibika mbele yako, na yangekwisha. Kwa kunyamaza aliniacha na kitundu changu kimezibwa. Upole pia unaweza kuziba.

Na hii si mara ya kwanza; zamani pia nilikosea kwa kutongoja jibu. Mwaka ule pikipiki ilipoanza kukohoa, siku moja nilibadilisha plagi, nikamwaga oili, nikaosha eya klina, kile kichujio cha hewa, nikakaza cheni. Ikapona. Nikajisifu wiki nzima. Ilipougua tena sikujua hata kidogo ni kipi kilichokuwa kimeiponya. Na nilipogombana na mwalimu mkuu wangu nilifanya vilevile: nilimletea siku moja malalamiko ya miaka sita, yote ya kweli, nikarudi nyumbani bila kazi na bila kujua ni lipi kati ya hayo lililomuumiza. Kioko atakufundisha kugusa kitu kimoja, kisha kungoja. Mimi nimelifikia hilo kwa kupoteza vitu. Lichukue hata kama linatoka kwangu.

Kuhusu chuo, sina la kulipa. Huenda maabara isingekufaa. Huenda ungekuwa unatazama darubini huku ukisikiliza bodaboda zinazopita nje. Lakini kuchagua kulikuwa kwako, na mimi nilikuziba kwa kidole gumba. Unaweza kunikasirikia kwa muda wowote utakaohitaji. Ila nikasirikie mimi, si barabara, si bahati, na si yeye.

Kabla ya kuanza barua hii nimeandika tena kwenye kundi la ukoo. Mara hii ni mistari miwili. "Kabureta ilikuwa nzima. Mimi niliziba tangi kwa sabuni, nikamsingizia Kioko, nikamtukana kwa jambo ambalo ni heshima yake." Shangazi yako wa Mutomo amekwisha kuuliza kama simu yangu imeibiwa. Nawe huenda umeisoma kabla ya barua hii, lakini kwako mistari miwili haitoshi.

Hii barua utaipata kwenye begi ukifika. Usiisome peke yako. Keti na mjomba wako pale kwenye gereji yake, umsomee yote, hata pale nilipomsema vibaya, kwa sauti, kwa kuwa ni yake pia.

Kioko, shemeji, unaposomewa haya: usimfanyie binti yangu ulivyonifanyia mimi. Siku atakapokosea mbele yako, mwambie papo hapo, hata akilia, hata akikubishia, na atakubishia, maana ubishi huo umetoka kwangu. Usipanguse kosa lake kwenye suruali.

Na wewe, mwaitu. Pikipiki ya kwanza itakayokushinda huko, kabla hujamwita huyo aliye hatua tatu kutoka kwako, nipigie simu mimi. Nitakosea. Nitasema ni kabureta. Niambie nimekosea, kisha ukate simu umuulize yeye. Lakini nipigie mimi kwanza.

Baba yako